Goti la Nyange

Goti la kushoto la Nyange Ame lilikuwa mashuhuri Pemba nzima. Watu waliokutana naye njiani, kutoka Mkoani hadi Konde, walimwamkia, wakamuuliza hali ya nyumbani, kisha macho yao yakashuka chini taratibu: "Na goti je?" Naye alikuwa na jawabu moja kwa wote: "Alhamdulillahi, linanifikisha." Hakusema linamfikisha wapi, maana jambo hilo hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo.

Alikuwa mzaliwa wa Wingwi, kwenye mashamba madogo na mbuzi wengi, na uwanjani alicheza namba ambayo siku hizi huitwa kiungo. Zama zile tukiiita senta-hafu. Mbele yake walikuwapo forwadi watano wa kusifiwa, nyuma yake mabeki wawili wa kulaumiwa, na yeye akikimbia baina ya sifa na lawama bila ya kuambulia sana hiki wala kile. Alianzia Wete, ambako tajiri mmoja alimpa kazi ya kupindua karafuu majamvini ili jioni apate nafasi ya mazoezi. Mkoani wakampa ukuli gatini. Msimu mmoja alivuka bahari, akachezea timu ya shamba la mkonge huko Tanga, akarudi na viatu vya njumu na homa iliyomganda mwaka mzima. Akarejea Wete, akarejea Mkoani, na mwisho akatua Chake Chake katika klabu ya Nuru, ambayo mwenyekiti wake, Bwana Nassor, alikuwa na tanuri la mikate na akamweka hapo kuchochea moto.

Hakuna aliyemlipa kwa sababu ya mpira. Alilipwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo aliipata kwa sababu ya mpira; ndivyo mambo yalivyokwenda. Mchezaji wa namna hiyo aliitwa wa kukodi, na wa kukodi huijua mipaka yake. Hagombei ukapteni, hapazi sauti, haulizi kwa nini. Nyange alicheza tangu hajaota ndevu hadi ndevu zikaanza kuchanganya mvi, na kiwanjani hakuna aliyepata kumsikia akimwita mtu.

Wala hakupata kombe. Hapo ndipo watani walipopata pa kumshika, maana kila klabu aliyoihama ilichukua kombe mwaka uliofuata. "Nyange samadi," walisema barazani. "Humwagwa mwaka huu, mavuno mwakani." Yeye alicheka nao. Akifika nyumbani alikuwa hacheki. Alilitaka kombe, alilitaka kwa uchungu kama mtu anavyotaka mtoto, na mwaka ule alijua kwamba ama ni sasa ama basi, kwa kuwa goti lilikuwa limeanza kuvimba hata siku ambazo hakucheza.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa chaguzi mbili. Nuru ilifika fainali ya Kombe la Karafuu ikutane na Tufani ya Wete, siku ya Jumapili, kiwanja cha Chake. Siku chache kabla, Bwana Nassor aliwaingiza wachezaji kambini, yaani ghala iliyokuwa nyuma ya tanuri. Wakalala chini kwenye majamvi, wakafukizwa ubani asubuhi na jioni, wakakatazwa kupeana mikono na watu wa nje. Nyange aliyafuata yote hayo bila ya kunung'unika, kwa sababu kwa kombe lile angekubali hata kufukizwa pilipili.

Jumamosi asubuhi akaja Nabhan, kijana wa Vitongoji, juu ya baiskeli, kanzu yake imerowa jasho. Alisimama nje ya ghala kwa kuwa ndani haruhusiwi mtu.

"Kaka Nyange," aliita. "Turki katutoka. Alfajiri."

Turki alikuwa kaka yake Nabhan. Miaka ya Wete alicheza hafu wa kushoto, bega kwa bega na Nyange. Alitoka kwenye ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu, ukabakiwa na miti ya kuhesabika na nyumba moja Vitongoji. Turki alikuwa mpayukaji wa kupigiwa mfano. Nyange alikimbia, Turki akapiga kelele kwa niaba ya wawili: "Mpe Nyange! Mrejee Nyange! Nyange yu peke yake, hamwoni nyie?" Na mwaka ule wa homa ya Tanga, Nyange alilala nyumbani kwa kina Turki, na mama yao, Bi Tamima, akamnywesha uji kwa mkono wake hadi akasimama.

Nyange alijifunga shuka, akavuka ua kwenda kwa Bwana Nassor, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu anakunywa kahawa.

"Bwana, nnaomba ruhusa. Turki kafariki."

"Turki yupi?" aliuliza Bwana Nassor, ingawa Pemba ya wapenda mpira ilikuwa na Turki mmoja tu.

"Turki wa Bi Tamima. Wa Vitongoji."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Bwana Nassor aliweka kikombe chini. "Mungu amrehemu. Lakini sharti la kambi unalijua. Aliyegusa maiti haingii kiwanjani. Mkosi, Nyange. Miye sikuliweka sharti hilo, nimelikuta."

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amefariki ammi yake Bwana Nassor, na timu nzima ilikwenda kuzika, ikafukia kwa mikono yake, na keshoye ikacheza na kushinda. Nyange alilikumbuka hilo. Lilimfika mpaka ncha ya ulimi, likarudi lilikotoka.

Bwana Nassor akashusha sauti, akasema kwa upole: "Na isitoshe, yule si mwenzetu."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Tangu siasa iingie, watu waliochota maji kisima kimoja tangu enzi za mababu walichimba viwili. Wa chama hiki hakununua dukani kwa wa chama kile. Wake waliachwa kwa sababu ya kaka zao. Na zito kuliko yote, watu waliacha kuzikana. Vitongoji kina Turki walikuwa wachache wakasusiwa. Kwingineko wenzao kina Turki walikuwa wengi nao wakasusa, tena kwa bidii. Hakuna upande uliokuwa na mikono safi.

"Naam, bwana," alisema Nyange. Akatoka, akapanda nyuma ya baiskeli ya Nabhan, wakaenda zao Vitongoji.

Njiani aliupanga moyo wake. Angemswalia mwenzake, angetia bega kwenye jeneza hatua chache, kisha angerudi Chake kupumzisha goti. Kwetu mtu hambebi maiti peke yake njia nzima. Wanaume hugombea jeneza, kila mmoja anataka thawabu zake. Unatia bega, hujatulia vizuri ushahisi mkono wa mwingine mgongoni, naye ana mwingine nyuma yake, na jeneza huenda mbio juu ya watu hata waliolianza hubaki nyuma. Goti lingeistahimili kazi ya namna hiyo. Hilo alilipima na akaridhika nalo.

Walipofika, alimkuta shehe mzee wa msikiti mdogo, ammi yake Turki aliyekuwa akitembea kwa mkongojo, shemeji mmoja, na mvuvi wa Kitumbatu ambaye alikuwa akipita njia tu, akasikia kilio, akaingia. Basi. Uani palikuwa peupe. Hapakuwa na jirani aliyekuja kupasua kuni wala mwanamke aliyekuja na sinia la chakula kichwani.

Bi Tamima alitoka mlangoni, kajitanda kanga nyeupe. "Umekuja, baba," alisema. "Watu wa kuno hawazikani nasi tena. Nlidhani tutamtia kwenye gari la ng'ombe mwanangu."

"Hatatiwa kwenye gari la ng'ombe, mama," alisema Nyange.

Wakamswalia. Wakanyanyua wanne: Nyange na Nabhan mbele, shemeji na Mtumbatu nyuma. Makaburi ya ukoo yalikuwa juu ya kilima, ng'ambo ya kijiji, na njia ilipita katikati ya watu. Nyange alitwaa upande wa kushoto. Akaenda hatua zake chache. Kisha, kwa mazoea ya mwili, akalegeza bega na kujivuta pembeni kidogo, kumpisha wa kumpokea.

Hakukuwa na mtu. Jeneza liliyumba, Nabhan akaguta, na Nyange akarudisha bega upesi. Uzito wote ukamshukia kwenye mguu mbaya.

Walipita mbele ya duka. Barazani walikaa wanaume wakicheza karata, na jeneza lilipotokeza waliziweka chini, wakasimama, kwa sababu desturi ya kumsimamia maiti anayepita hata siasa haikuweza kuifuta. Lakini walisimama hapo hapo barazani. Miongoni mwao alikuwamo mtu aitwaye Mmanga, ambaye misimu chungu nzima alichuma karafuu na Nyange kwenye mti mmoja, wakigawana dago, yaani kambi ya wachumaji, na chungu cha mchuzi. Nyange alimkazia macho. Mmanga akatazama makubadhi yake.

Angeweza kumwita. "Mmanga, nipokee." Maneno mawili. Lakini Nyange alikuwa mgeni Vitongoji kama alivyokuwa mgeni Wete na Mkoani na Chake, na mgeni haamrishi watu barazani kwao. Alingoja waone haya wenyewe. Jeneza likapita, baraza likabaki nyuma, na mbele kukawa na kilima kitupu. Katikati ya kilima kitu kilikatika ndani ya goti, taratibu, kama uzi. Aliuma midomo. Akafika juu kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumweka chini mwenzake.

Baada ya telkini kusomwa kaburini na watu kurudi nyumbani, Bi Tamima alimkuta amekaa kwenye kizingiti, amenyoosha mguu. Alilitazama goti lile, alilowahi kulikanda kwa mafuta miaka hiyo ya homa, akatikisa kichwa.

"Na kesho una mpira."

"Ninao, mama."

"Hitima Ijumaa, baada ya swala ya alasiri," alisema. "Ukiweza." Kisha akaingia ndani haraka, maana alikuwa hataki kulia mbele ya mtu aliyetoka naye mbali.

Jumapili mkewe Nyange, Mwanabaraka, alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akamfunga kitambaa juu yake. Kambini hakurudi, Bwana Nassor alikuwa amekwisha kupeleka salamu kwamba mkeka wake umekunjwa na tanurini asionekane.

"Bwana weye," alisema Mwanabaraka, "goti hili si la mpira tena. Hili la kuswalia kitako."

"Nitakwenda."

"Wamekufukuza!"

"Wamenifukuza kambini. Kiwanjani bado."

Mwanabaraka alimtazama, akacheka bila ya kutaka, akakaza fundo la kitambaa kwa meno.

Kiwanja kilikuwa kimejaa tangu adhuhuri. Watu wa Wete walikuja kwa malori, wa Chake walikuja kwa miguu na maneno. Nyange alichechemea hadi walipokuwa wachezaji wa Nuru, akaanza kuvaa njumu. Bwana Nassor alikuja na bakora yake, uso umemkunjamana.

"Kakwita nani?"

"Nimemwita miye," alidakia Jecha. Jecha alikuwa ndiye kapteni, insaidi wa kulia, fundi wa magari asiyejua kubembeleza. "Tu watu kumi, Bwana Nassor. Wa akiba wote wako dago, karafuu zimeiva, na hakuna mchumaji atakayeshuka mtini kuja kukusaidia weye."

Nyange alimvuta Jecha mkono. "Sikiliza. Goti limekatika kitu. Kukimbia sikimbii. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha." Kulisema hilo kulimuuma kuliko goti, lakini siku zile hakukuwa na kubadilisha mchezaji; aliyeingia ndiye, na akivunjika timu hucheza pungufu.

Bwana Nassor aliupenda ubingwa kuliko alivyochukia matanga ya watu. Alipiga bakora chini. "Basi akae winga ya kulia. Asimame tu, tuonekane kumi na moja."

Winga ndiko walikopelekwa majeruhi zama zile, kuwapisha wazima. Nyange alisimama pembeni mwa chokaa, karibu na watazamaji kiasi cha kusikia wanavyotafuna njugu, na kutoka hapo akaitazama nafasi yake katikati ya kiwanja imekaa tupu. Nyuma yake watu wa Nuru, watu wake, walianza: "Mbeba maiti! Umetuletea mkosi!" Mmoja akamuuliza kama jeneza limemlipa vizuri kuliko tanuri. Moyo ulimwaka. Alimwona Jecha akihangaika kucheza nafasi mbili, akachelewa, na senta-forwadi wa Tufani akapita katikati palepale, pale ambapo yeye angekuwapo, akafunga bao. Wete wakapiga ngoma.

Aliposimama pale pembeni, asiye na la kufanya, mawazo yake yalirudi barazani Vitongoji. Aliwachukia wale wanaume kwa siku nzima na nusu. Sasa akamkumbuka Mmanga alivyotazama makubadhi, akajiuliza jambo ambalo hakutaka kujiuliza: kama angeitwa kwa jina, mbele ya wenzake, je, angeweza kubaki barazani? Pengine angebaki. Lakini hakuitwa. Miaka yote Nyange alikuwa na Turki wa kumwitia watu, na Turki alipolala ndani ya jeneza, yeye aliyekuwa chini yake alinyamaza.

Mapumziko yakafika, machungwa yakagaiwa. Nyange hakusogea kwenda kuchukua lake. Filimbi ya kipindi cha pili ilipolia, alitembea, hakukimbia, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya kiwanja, akasimama kwenye nafasi yake. Bwana Nassor akanyanyua bakora kumrudisha. Nyange alimpa mgongo.

Mpira wa kwanza ulimjia kifuani. Akautuliza, akawaona Tufani wawili wanamjia mbio kwa kuwa kila mtu alijua hawezi kuwakimbia, na hapo akafungua kinywa.

"Jecha! Nipokee!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyoitarajia, na neno lenyewe si la mpira. Jecha alishtuka kama aliyeitwa na mzimu, akaja, akaupokea. "Beki, panda! Winga, pana, kaa pana! Nani yuko nyuma yangu hapo? Njoo, njoo, usiniache!" Hakunyamaza tena. Aliita majina, akaita tena, akakaripia, akaomba. Alicheza kipindi kizima ndani ya eneo ambalo ungeweza kulitandika jamvi, na wenzake wakakimbia badala yake, kwanza kwa mshangao, kisha kwa raha. Vijana wale hawakuwa wakijua kwamba mtu huyu alikuwa akiyaona yote hayo miaka yote akanyamaza nayo. Zile kelele za mbeba maiti zikapungua, si kwa kuona haya, bali kwa kuwa watu walitaka kusikia anasema nini.

Bao la kusawazisha lilitoka kwake: mpira mrefu wa mguu wa kulia kwenda winga ya kushoto, krosi, kichwa cha Jecha. Nyange hakuliona likiingia. Alikuwa chini, mikono imelizunguka goti, anasikia tu uwanja unavyonguruma. Aliinuka mwenyewe. Akaendelea kuita hadi sauti ikakauka, na hapo adhana ya magharibi ikakaribia, mwanga ukapungua, refa akapuliza. Bao moja kwa moja. Viongozi wakakutana, wakatangaza: mechi irejewe Jumapili ijayo, hapo hapo.

Nyange alikaa kitako kwenye majani. Goti lilikuwa limefura hata kitambaa kimezama. Watu wakamzunguka, wengine wale wale waliomtukana, na katikati yao akapita Bwana Nassor. Alisimama akisugua kichwa cha bakora yake.

"Mpaka Jumapili litakuwa limepoa hilo?" aliuliza.

Kwa mwenye kumjua Bwana Nassor, hayo yalikuwa maombi ya radhi na mwaliko na kazi ya tanuri kurudishwa, vyote kwa pamoja. Nyange wa Jumamosi angesema naam, bwana, akashukuru.

"Litapoa," alisema Nyange. "Lakini Ijumaa alasiri kuna hitima ya Turki, Vitongoji. Ukitaka nicheze Jumapili, njoo usome juzuu moja."

Jecha aligeuka akatazama pembeni.

"Unanipa sharti? Miye?"

"Naam, bwana."

Bwana Nassor alitazama nyuso zilizomzunguka, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta nani amecheka. Kisha akainama kidogo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo Nyange hakuwahi kuisikia kwake. "Na watu watasemaje, Nyange?"

"Watasema Bwana Nassor kenda hitimani."

Bwana Nassor aliondoka, bakora ikigonga, watu wakampisha. Nyange alibaki amekaa. Kombe lililokuwa karibu naye kuliko wakati wowote wa maisha yake alikuwa ameliweka mikononi mwa mtu mwingine, tena kwa hiari yake. Hakuyarudisha maneno.

"Asipokuja?" aliuliza Mwanabaraka nyumbani.

"Sichezi."

"Na tanuri?"

"Wingwi kuna mbuzi," alisema Nyange, na Mwanabaraka akaona kwamba hakuna haja ya kuuliza la tatu.

Ijumaa asubuhi Nabhan alimfuata kwa baiskeli. Hakuna habari yoyote iliyotoka kwa Bwana Nassor wiki nzima. Waliopita tanurini walisema anauza mikate, basi. Walipofika kwenye lile duka la Vitongoji, Nyange alimgusa Nabhan begani asimamishe. Alishuka, akachechemea hadi mbele ya baraza. Karata zikasimama hewani.

"Mmanga," alisema. "Alasiri hitima kwa Bi Tamima. Nnakwita." Akamgeukia aliyekaa karibu naye, na aliyefuata. "Na weye. Na weye, Mzee Khatib. Nnawaita nyote."

Mmanga alifungua mdomo, akaufunga. Nyange akaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa, akarudi kwenye baiskeli.

Uani kwa Bi Tamima mafiga yalikuwa yamewekwa, kuni zimepasuliwa, nazi zimefuliwa zikalazwa mstari mmoja ukutani. Bi Tamima alikuwa ameinama juu ya gunia la mchele, pishi mkononi, na hakuwa amepima hata moja. Alimsikia Nyange akiketi, akageuka. Alikuwa mwanamke aliyepika hitima nyingi maishani mwake, za mume, za wakwe, za majirani waliokuwa majirani, na hakuna hata moja ambayo hakujua apike kiasi gani.

"Watu wangapi, mwanangu?" aliuliza. "Nambie kweli. Nisije nikapika kikawa cha kuku, wala nisije nikaaibika. Nitie kiasi gani?"

Nyange alitazama njia. Ilikuwa nyeupe, imepigwa na jua, na mbuzi mmoja amesimama katikati yake. Alasiri ilikuwa mbali bado.

"Tia sufuria kubwa, mama."

Bi Tamima alimwangalia usoni, akamwangalia sana. Kisha akazamisha pishi guniani, akapima, akapima tena, na tena. Nyange alinyoosha mguu wake mbaya kivulini, akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele.